Siku ya Kuzaliwa katika Mji wa Kamari



Tangu mwezi uliopita picha zimekuwa zikitembea kutoka simu hadi simu katika mashirika yetu, na wengi wenu mmeziona. Vijana wanane wa asili ya Kongo, wanaoishi na kufanya kazi Marekani, walisafiri kwa ndege hadi Las Vegas, katika jimbo la Nevada, ili kusherehekea siku ya kuzaliwa ya mmoja wao. Tumeona taa, vinywaji, nguo za kumetameta, na nyuma yao wacheza-dansi waliovaa manyoya. Mmoja wa vijana hao ni mtoto wa parokia yetu. Alitumikia altareni miaka mingi kabla ya kuondoka nchini. Ndiyo sababu katika mkutano wetu baadhi ya wazee waliomba aandikiwe barua ya onyo, na sababu waliyoitaja ilikuwa wale wacheza-dansi. Vijana wetu nao walijibu, tena kwa ukali, kwamba pesa ni yake, jasho ni lake, na kwamba wazee wanasumbuliwa na wivu wa watu wasiopata visa.

Sisi hatuwezi kukubaliana na upande wowote kati ya hizo mbili. Wazee wetu wamelenga jiwe mahali pasipo na nyoka. Vijana wetu wametetea nyumba ambayo hawajapata kuitazama kwa ndani. Wacheza-dansi wenye manyoya ni pambo la mlangoni tu. Mwenye mlango anacheka akiona tunabishana juu ya pambo. Jambo linalotuhuzunisha katika safari ile ni lingine: urafiki wa vijana wanane uligeuzwa kuwa chombo cha kuwatoa pesa, na siku ya kuzaliwa ikawa kisingizio cha kumzuia kila mmoja wao asiseme neno "inatosha".

Tuanze na mji wenyewe, kwani mtu hawezi kukemea asichokijua. Las Vegas ulianza mwaka wa 1905, viwanja vyake vilipouzwa kwa mnada kando ya reli, katikati ya jangwa. Mwaka wa 1931, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, jimbo la Nevada liliruhusu tena kamari kwa sheria, na mwaka uo huo ilianza kazi ya kujenga bwawa kubwa la mto Colorado lililoitwa baadaye Hoover Dam, ambalo vibarua wake walikuwa na mshahara wa kutumia. Hoteli ya kwanza ya kamari na starehe kwenye ile barabara kuu iitwayo Strip ilifunguliwa mwaka wa 1941. Leo mji huo hupokea watu kuliko nchi nyingi: mwaka wa 2019 wageni walikuwa zaidi ya milioni 42. Kanisa letu nalo lipo pale. Kanisa Kuu la Malaika Mlinzi lilifunguliwa mwaka wa 1963, hatua chache kutoka Strip, kwenye ardhi iliyotolewa na wenye hoteli ya kamari ya jirani, na watu husimulia jinsi waamini wanavyotia jetoni za kazino katika kikapu cha sadaka badala ya noti. Hatuwacheki. Hata kwetu hapa vikapu vya sadaka vina mambo yake.

Mji huo una kipaji cha kugeuza kila kitu kuwa sherehe. Mnamo Januari 1951 serikali ya Marekani ilianza kulipua mabomu ya atomiki katika jangwa lile, yapata kilomita 100 kutoka mjini, na wenye hoteli wakawaalika wageni wakeshe wakinywa hadi alfajiri ili wautazame mwanga wa mlipuko. Sisi watu wa Katanga hatuwezi kusoma habari hiyo kama watu wa mbali. Sehemu kubwa ya uraniamu ya mabomu ya kwanza ilitoka Shinkolobwe, hapa jirani na Likasi, mikononi mwa vibarua ambao hakuna aliyewaambia wanachimba nini. Mji ulioweza kuuza mlipuko wa atomiki kama karamu hauwezi kushindwa kuuza siku ya kuzaliwa ya kijana.

Na kweli unaiuza. Kwa miaka mingi sasa hoteli kubwa za Strip hupata zaidi ya nusu ya mapato yao nje ya meza za kamari: vyumba, vyakula, vinywaji, maonyesho, klabu za usiku. Wenye hoteli walielewa mapema kwamba mcheza kamari aliye peke yake huchoka na kwenda zake, lakini kundi la marafiki lenye sababu ya kufurahi hukaa. Kwa sheria ya Nevada mtu haruhusiwi kucheza kamari kabla ya kutimiza miaka 21, na kwa hiyo siku ya kutimiza umri huo imekuwa kwa vijana wengi wa Marekani kama siku ya kuvuka mto, na ng'ambo ya mto kuna kazino.

Kazino kwa kawaida haina saa ukutani, wala dirisha linaloonyesha kama ni usiku au mchana. Njia zake hupindapinda, hata mtu anayetafuta mlango wa kutokea hupita kwanza katikati ya mashine. Anayecheza huletewa kinywaji bila malipo, mradi aendelee kucheza. Tafadhali tulifikirie jambo hili kidogo. Siku ya kuzaliwa ni siku ambayo mtu huhesabu muda wake. Husema, Mungu amenipa mwaka mwingine, nimeutumia namna gani? Na hawa vijana wanaichukua siku hiyo na kuipeleka katika nyumba iliyojengwa ili mtu asijue saa ni ngapi.

Jambo la pili linatuchoma zaidi. Anayeingia kazino hushawishiwa ajiandikishe na kupewa kadi ya mchezaji. Kwa kuwa huonyesha kitambulisho, tarehe yake ya kuzaliwa huingia katika kompyuta. Mwaka ufuatao, mwezi wa kuzaliwa kwake ukikaribia, hupata ujumbe wa pongezi: hoteli inakukumbuka, njoo, tunakupa zawadi ya dola kadhaa za kuchezea. Dola hizo haziwezi kuchukuliwa mfukoni na kupelekwa sokoni. Lazima kwanza zipite katika mashine. Ndugu zetu, kuna baba wa ubatizo wangapi katika parokia hii wanaokumbuka tarehe ya kuzaliwa ya watoto waliowasimamia kisimani? Kompyuta ya mcheza kamari inawakumbuka wote, bila kukosa hata mmoja. Hilo ni aibu yetu kwanza, kabla ya kuwa hila yao.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwani sisi ni walimu kwa malezi, na hasira isiyo na hesabu haimfundishi mtu. Vijana wetu wanasema: "Kuna wanaoshinda." Ni kweli, wapo. Chukueni chaki.

Gurudumu la ruleti la Marekani lina vijumba 38: namba 1 hadi 36, kijumba cha sifuri moja na kijumba cha sifuri mbili. Ukiweka dola 1 juu ya namba fulani na namba hiyo ikatoka, unalipwa dola 35 na kurudishiwa ile dola yako. Jumla dola 36. Mwanafunzi wa ualimu anayetaka kujua kama mchezo huo ni wa haki afanye hivi: aweke dola 1 juu ya kila kijumba. Ametoa dola 38. Gurudumu likisimama, ni lazima kijumba kimoja kitoke, naye anapokea 36. Dola 2 zimebaki kwa mwenye nyumba. Zungusha mara ya pili, mara ya mia, mara ya elfu: dola 2 katika kila 38, yaani zaidi kidogo ya dola 5 katika kila 100 zinazowekwa mezani. Huko Ulaya gurudumu lina sifuri moja tu, na mwenye nyumba hubakiza 1 katika 37. Kwenye Strip baadhi ya meza zimeongezewa sifuri ya tatu. Vijumba vimekuwa 39, malipo yamebaki yale yale 36, na mwenye nyumba anachukua 3. Hakuna aliyeiba. Hakuna gurudumu lililochezewa. Kila kitu kimeandikwa na kukaguliwa na serikali. Ndiyo maana tunasema kwamba wale wanaodai kazino "inadanganya" wanaipa udhuru: haihitaji kudanganya.

Mtu atasema dola 5 katika 100 ni kidogo, hata duka la mtaani linapata zaidi. Lakini katika duka unanunua sukari mara moja. Kwenye meza ya ruleti, mtu anayeweka dola 10 kila mzunguko, kwa mizunguko 40 katika saa moja, ameweka dola 400, hata kama mfukoni alikuwa na 200 tu, kwa sababu pesa ileile huenda na kurudi. Kwa wastani saa hiyo imemgharimu dola 21. Vijana wanane, kila mmoja saa nne, ni dola zaidi ya 670 kwa usiku mmoja. Hiyo ni wastani tu. Mmoja kati yao huenda akatoka na faida, na huyo ndiye atakayesimulia ndani ya ndege, ndiye atakayetuma picha. Waliopoteza hawana picha ya kutuma. Kwa njia hiyo kila kundi linalorudi huleta nyumbani habari ya ushindi, na kazino haina haja ya kulipa mtangazaji.

Na ruleti si mchezo mbaya kuliko yote. Mashine za kamari, zile zinazoimba na kuwaka taa, ni mbaya zaidi kwa sababu huchezwa kwa sekunde chache tu, bila mtu wa kukutazama usoni. Unaweka dola 1, mashine inakurudishia senti 30, na inaimba kwa shangwe kana kwamba umeshinda. Kumbe umepoteza senti 70. Mtaalamu mmoja wa elimu ya jamii za watu, Natasha Dow Schüll, aliwachunguza wachezaji wa mashine hizo katika Las Vegas kwa miaka mingi na kutoa kitabu mwaka wa 2012. Wachezaji walimweleza jambo ambalo sisi makatekista tulipaswa kulijua kabla yake: kwamba hawachezi tena ili kushinda, wanacheza ili waendelee kucheza. Furaha imekwisha, tamaa yenyewe imekwisha. Kilichobaki ni mkono na kitufe.

Turudi sasa kwa wale vijana wanane. Mtoto wa parokia yetu ana miaka 26. Hatumtaji jina, na tunayoyaandika hapa tunayaandika kwa ruhusa yake na ya mama yake. Siku ile haikuwa ya kuzaliwa kwake. Ilikuwa ya rafiki yake. Yeye anafanya kazi ya usiku katika ghala, na kila mwezi hutuma dola 120 kwa ajili ya wadogo zake wawili walio katika sekondari. Kwa safari ile gharama iligawanywa kwa wanane sawasawa: ndege, chumba, meza ya klabu, na ada ya kila siku ambayo hoteli za huko huongeza juu ya bei ya chumba. Wenye mshahara mzuri na wenye mshahara mdogo walilipa sawa, na hakuna aliyeuliza kama kuna anayekopa. Yeye alikopa.

Usiku wa kwanza alitaka kubaki chumbani. Wenzake waligonga mlango wakamwambia asiharibu sikukuu ya ndugu yao. Akashuka. Alikuwa amejiwekea mpaka wa dola 60. Zikaisha kabla ya saa moja. Aliposimama ili aondoke, mmoja wao alimsukumia jetoni mkononi, kwa upendo kabisa, akisema leo hatuachani. Alipoipoteza jetoni hiyo, akaona ana deni kwa rafiki, akatoa kadi ya benki ili alipe, na baada ya hapo akatafuta kurudisha kilichopotea. Kwa usiku mbili zilipotea dola 640. Mwezi ule mama yake alipokea ujumbe kwamba kazi imekuwa ngumu. Wiki ileile wadogo zake waliziona picha.

Rafiki yake aliyekuwa akisherehekea hakujua lolote. Alipopata habari, alilia. Nasi tunaamini machozi yake, kwa sababu tunaona kwamba katika kundi lile hapakuwa na mtu mbaya hata mmoja. Palikuwa na vijana wanane waliopendana, na kila mmoja alimwonea mwenzake haya.

Ninyi mnaosoma Maandiko pamoja nasi mmekwisha kumkumbuka Herode. Biblia haina sikukuu nyingi za kuzaliwa. Iko ile ya Farao katika kitabu cha Mwanzo, ambamo mkuu wa wanyweshaji alirudishwa kazini na mkuu wa waokaji akatundikwa. Na iko ile ya Herode, katika Injili ya Marko, sura ya 6. Tusiseme, kama madhehebu fulani, kwamba kwa hiyo kusherehekea kuzaliwa ni dhambi. Lakini tuitazame vizuri ile karamu. Mara nyingi katika mahubiri yetu tumemsema binti aliyecheza, kama vile wazee wetu wanavyowasema leo wacheza-dansi wa Las Vegas. Mwinjili hakuweka uzito pale. Herode aliapa mbele ya wageni wake, wakuu na majemadari na watu maarufu wa Galilaya, kwamba atatoa hata nusu ya ufalme. Na alipoombwa kichwa cha Yohane alihuzunika. Hakutaka. Ila kwa ajili ya kiapo na kwa ajili ya wale walioketi naye mezani, hakuweza kurudi nyuma. Alikuwa amezungukwa na marafiki, na katika marafiki wote wale hakuwapo hata mmoja aliyemgusa bega na kumwambia: mfalme, maneno ya karamu ni ya karamu, nenda kalale. Yohane aliuawa na haya ya mtu mmoja mbele ya wageni wake.

Basi, yule aliyekuwa na haja ya kuambiwa "inatosha" usiku ule katika Las Vegas hakuambiwa, na mpangilio wote wa mahali pale umefanywa ili asiambiwe. Saa haipo, dirisha halipo, kinywaji hakiishi, gharama ya chumba imekwisha kulipwa kwa hiyo kuondoka mapema ni hasara, na juu ya yote ni sikukuu ya rafiki, nani awe wa kwanza kuizima? Mwaka wa 2003 mji huo ulianza kujitangaza kwa usemi uliozunguka dunia nzima, wenye maana ya kwamba yanayotokea pale hubaki pale. Huo ni uongo mtupu. Mtu anayekopa jetoni kutoka kazino kwa kutia sahihi huwa ametoa kitu ambacho sheria ya Nevada hukihesabu kama hundi ya benki. Asipolipa, anaweza kushtakiwa kwa jinai kama mtu aliyetoa hundi isiyo na pesa, hata kama anaishi mbali. Na deni la kijana wetu, ambalo ni dogo na ni la benki tu, halikubaki pale: limefika hadi kwetu na kukaa juu ya dawati la mtoto wa sekondari.

Tunajua mtakayotujibu. Kuna wanaosema kwamba Kanisa lenyewe huendesha tombola. Ndiyo, na Katekisimu katika namba 2413 haisemi kwamba michezo ya bahati au kuwekeana dau ni kinyume cha haki kwa asili yake. Husema inakuwa mbaya pale inapomnyima mtu kile kinachohitajika kwa maisha yake na ya wengine, na huonya kwamba shauku ya kamari yaweza kuwa utumwa. Tunaikubali kanuni hiyo, na kwa kanuni hiyohiyo tunapima. Tombola ya parokia ina tiketi moja, mshindi mmoja, saa ya kumalizika, na kila mtu anajua faida inaenda kwenye paa la kanisa. Hata hivyo, tombola ambayo watu wazima wanaishindania kwa chupa za bia hadi usiku, kama tulivyopata kuona katika sherehe moja, tunaikataa vilevile.

Jibu lenye nguvu zaidi ni la wale wanaosema: mtu hulipa ili atazame sinema au mpira, na pesa haimrudii, kwa nini asilipe ili acheze ruleti? Tumelitafakari sana jibu hilo. Lakini bei ya sinema imeandikwa mlangoni. Sinema ina mwisho. Ukitoka, mwenye sinema hakuandikii mwaka ufuatao akikupa dola za kutazama sinema nyingine tangu saa nne usiku hadi alfajiri. Wala hakuna aliyewahi kurudi katika sinema ileile usiku uleule ili aurudishe muda aliopoteza humo.

Kuhusu wivu wa watu wasio na visa, tunajibu kwa kifupi: vibanda vya pari za mpira vimejaa katika mitaa yetu, na vijana wasio na visa wanapoteza humo franka zao kila Jumamosi kwa hesabu ileile. Kama tungekuwa na wivu, tungeshangilia kwamba sasa tuna Las Vegas yetu bila kupanda ndege.

Kwa wazee wetu tunaongeza hili. Mkitaka kuandika barua ya onyo kwa kijana aliyepoteza pesa katika kamari, mkumbuke kwanza Mtakatifu Kamili wa Lellis, aliyezaliwa mwaka wa 1550. Alikuwa askari na mcheza kamari, na alipoteza kila alichokuwa nacho hata akaomba mlangoni mwa kanisa. Wakapuchini walimpa kazi ya ujenzi. Hawakumpa barua. Baadaye akaanzisha shirika la kuwahudumia wagonjwa, na leo ni msimamizi wao na wa wauguzi. Zaidi ya hayo, ni nani kati yetu aliyemwandikia kijana huyu neno lolote tangu alipoondoka, isipokuwa kumwomba pesa ya msiba au ya arusi? Wengi wetu tulizipokea picha zile kwa kidole gumba juu na maneno ya sifa, hadi siku tulipowaona wacheza-dansi.

Na kwenu vijana wetu: hatuwakatazi kusafiri wala kufurahi. Jangwa la Nevada lina milima na anga ya ajabu, na saa chache kwa gari kutoka pale liko Bonde Kuu la mto Colorado, ambalo Mungu alilichonga bila kuomba kadi ya mtu. Tunawakataza jambo moja, nalo tunalisema wazi ili asiwepo wa kusema hakusikia: msimpeleke rafiki yenu, katika siku ya kuzaliwa kwake, mahali ambapo hamwezi kumwambia aache. Mkiwa mmekwisha kufika, kubalianeni kabla ya kushuka kutoka chumbani ni saa ngapi mtapanda wote, na ni nani mwenye ruhusa ya kuwachukua wengine mkononi bila kuulizwa. Katika likelemba zetu kuna daima mama mmoja anayeshika daftari na asiyeogopa kumwambia mwenzake kwamba zamu yake bado. Hakuna anayemchukia mama huyo. Kila kundi la vijana limtafute wa kwake.

Kuhusu barua ya onyo, kamati imekubali kuiahirisha. Minervali ya wale wadogo wawili kwa muhula huu haijalipwa bado, na mkubwa wao yuko katika mwaka wa sita, ana ada ya Mtihani wa Taifa mbele yake. Kaka yao ameahidi kurudia kutuma mwezi ujao, baada ya kulipa sehemu ya deni. Kwa muda huu mchango utapokelewa Jumapili baada ya misa ya pili, katika chumba cha makatekista. Na rafiki yake, yule aliyekuwa akisherehekea, amekwisha kutuma wa kwake.